Mishipi Iliyonyooshwa

Kila mwaka, joto likianza kuchoma mabati, kaka yangu hukumbuka kwamba ana kwao. Miezi kumi na moja simu yake haipatikani, au ikipatikana inasema yuko kikaoni, kisha ghafla anateremka mlangoni na mkewe, mabinti wawili, masanduku matano ya magurudumu na bata wa mpira wa kupulizwa. Safari hii bata alikuwa mkubwa kuliko kitanda changu. Walimpuliza sebuleni kwa zamu mpaka nyuso zikawaiva, ndipo wakagundua kwamba hapiti mlangoni. Wakamtoa upepo, wakaenda kuanza upya nje. Kaka yangu ni meneja mahali fulani. Nyumbani tunamwita Meneja, na yeye anadhani ni heshima.

Mimi ndiye niliyebaki na Baba. Asubuhi nashona nyavu kwenye ghala la chama cha wavuvi, jioni napika, na katikati nawasikiliza wageni wakinieleza raha ya maisha ya pwani. Wifi yangu huamka saa tatu, akatoka barazani na kofia pana kama ungo, akavuta pumzi na kusema hewa ya hapa inaponya. Hewa ya hapa saa hiyo inanuka matumbo ya samaki kutoka kwenye meza za kuparia, lakini yeye huivuta yote, haachi hata tone. Juzi aliniuliza kama samaki husikia baridi wakilazwa kwenye barafu. Nikamwambia wameshazoea.

Ningewavumilia bila kinyongo kama nisingekuwa na jambo la kuficha. Baba haoni. Jicho la kushoto lilianza kuingia ukungu miaka minne iliyopita, la kulia likafuata, na daktari akatuambia kwa upole kwamba amechelewa. Sasa anatenganisha mwanga na giza, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni, basi. Tunaojua ni mimi na Spana, mwenzake wa siku nyingi, anayeshika mashine na kuongoza boti. Spana ana macho, Baba ana mikono, na samaki hajawahi kuuliza nani kati yao haoni.

Mtindo wa kazi yao niliutengeneza mimi. Baba anavua kwa mishipi, na kila mshipi umezungushwa kwenye kibao chake, umetundikwa bandani. Kwenye ncha ya juu, ile inayobaki mkononi, nilifunga mafundo ya uzi wa pamba: moja kwa ndoana ndogo za maji mafupi, mawili kwa zile za wastani, matatu kwa mishipi ya kina kirefu. Tena katika kila pima tano za urefu nikazungusha kifundo kingine chembamba, ili mshipi ukiteremka vidole vimwambie chubwi, ile risasi ya kuuzamisha, limefika wapi. Kazi hiyo ilinichukua wiki mbili. Baba alijifunza kwa siku nne, na tangu hapo hakuna mtu gatini aliyeshuku kitu.

Na hawakutakiwa kushuku. Msimamizi wa gati angejua, angelifuta jina la Baba kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kwenda kuvua siku hiyohiyo. Meneja angejua, angemfungasha mzee pamoja na bata wake, akamkalishe kwenye kiti cha ghorofa ya sita asikilize lifti ikipanda na kushuka. Niliapa hilo halitatokea nikiwa hai. Baba yangu si mtu wa kukalishwa. Kila alfajiri nilimwamsha mimi, nikampa chai mkono wa kulia, nikamhesabia hatua hadi bandani. Alfajiri nyingine alikawia, akaniuliza mara mbili mara tatu kama hali ya bahari ni nzuri. Nilimwambia ni shwari, avae viatu. Niliona ni uangalifu wa mtu mzima, nikajivunia.

Siku kumi Meneja alikaa nasi bila kuona lolote, na hilo ndilo lililonifanya nimdharau hata usingizini. Alimwonyesha Baba picha kwenye simu, Baba akasema watoto wamekua. Alimkabidhi miwani ya jua ya gharama, Baba akaivaa, na wifi akasema imemfanya kijana. Kila alipotaka kumpiga picha alimwita, naye Baba akageuza uso kufuata sauti na kutabasamu kwa mwembe wa jirani, au kwa ukuta. Picha zikarushwa kwa marafiki zao kwa maneno matamu kuhusu mizizi na familia. Mtoto gani anakaa siku kumi na baba yake asijue baba haoni? Meneja, ndiye huyo.

Siku ya kumi na moja mashine ya boti ilikuwa imefunguliwa kwa ajili ya matengenezo, Baba yuko nyumbani, na Meneja akatangaza kwamba hiyo itakuwa siku ya familia. Aliandika ratiba na kuibandika kwenye friji: kuogelea, kupumzika, kazi ya mshangao kwa Babu. Niliisoma nikacheka peke yangu. Mshangao wa mwaka jana ulikuwa taa za rangi barazani, zilizokufa kabla gari lao halijafika barabara kuu. Nikaenda ghalani kwangu, maana wavu wa boti kubwa ulikuwa umechanwa na mwamba na mwenyewe aliutaka kabla ya jua kuzama. Njiani nilikutana na Spana, mikono imejaa grisi. Alisema mashine imepona, alfajiri ijayo wanatoka.

Niliporudi mchana nilimkuta Baba barazani na miwani yake mipya, amekatazwa kusogea. Kutoka bandani kulisikika vicheko. Nikaenda kuchungulia.

Banda lilikuwa limefagiliwa. Hilo lingetosha kunitia hofu, kwa sababu Baba anajua kila kitu kilipo kwa mkono, na ndoo ikisogezwa hatua moja inamvunja mguu. Lakini ndoo ilikuwa jambo dogo. Mishipi yote ilikuwa imeteremshwa kwenye misumari yake. Walikuwa wameifungua kutoka kwenye vibao, wakainyoosha uani kutoka banda hadi ukuta, kisha wakapita nayo wote wanne kwa magoti, wifi na mkasi wake wa kucha, mabinti na vibanio vya nyusi, Meneja na koleo, wakatoa fundo baada ya fundo. Waliyatoa yote. Yalikuwa kwenye kikopo, lundo la nyuzi nyeupe, na binti mkubwa alikuwa ameyahesabu.

Meneja alijifuta jasho akanieleza kwa fahari. Alisema hakuamini mzee amekuwa akifanya kazi na mishipi iliyovurugika vile, kila hatua ina fundo, ajabu haijawahi kukatika. Wala hamlaumu mtu, alisema, anajua nina kazi nyingi. Sasa wameisafisha, wameizungusha upya na kuipanga kwa rangi ndani ya masanduku ya plastiki. Kila sanduku lilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene, kwa mwandiko wa watoto: NDOGO, WASTANI, KUBWA.

Mtu yeyote aliyekulia kwenye gati, hata mtoto wa kunyonya, anajua mvuvi haachi fundo kwenye mshipi wake kwa bahati mbaya. Fundo likiwepo, limewekwa. Kaka yangu alizaliwa nyumba hii, alilala miaka kumi na minane ukuta mmoja na banda hili, na hakulijua hilo. Nilitaka kumwambia. Nilifikiria alfajiri. Nilifikiria kama usiku mmoja unatosha kufunga vifundo mia mbili, nikajua hautoshi.

Kabla sijasema neno, Baba aliletwa. Wifi alimshika mkono huku simu yake imeinuliwa, inarekodi. Mabinti walipiga makofi. Meneja alimsimamisha mbele ya masanduku na kumwambia afungue macho, maana kumbe walimwambia ayafumbe. Baba akayafungua. Akanyoosha mkono ukutani, kwenye msumari wa kwanza, akakuta msumari. Akaenda wa pili. Wa tatu. Mkono ukashuka taratibu ukagusa plastiki, akainua kibao na kupitisha kidole gumba kwenye ncha ya mshipi, mara moja, mara mbili. Ulikuwa laini kama siku ulipotoka dukani.

"Soma, Baba," Meneja alisema. "Soma wajukuu walivyoandika."

Baba alizidi kuupapasa mshipi. Wifi alinong'ona kwamba mzee ameguswa, akasogeza simu karibu na uso wake. Meneja akarudia, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, asome hata sanduku moja tu.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Ningeweza kusema mzee amechoka. Ningeweza kumshika mkono nikamrudisha barazani na siri yetu ikabaki yetu. Lakini nilimtazama kaka yangu na tabasamu lake la cheti cha mfanyakazi bora, nikatamani kuliona likimdondoka usoni, nikasahau kila kitu kingine.

"Hawezi kusoma," nilisema. "Haoni. Miaka mitatu haoni, we Meneja. Hayo mafundo uliyoyang'oa ndiyo yalikuwa macho yake."

Lilidondoka kweli. Alipauka, akamtazama Baba, akaniangalia mimi, akakaa chini sakafuni palepale kwenye vumbi walilosahau kufagia. Wifi alishusha simu. Ninakiri nilisikia utamu, nao ulikaa ulimini kwa muda wa kumeza mate mara moja. Nikaanza kuwapangia kazi. Nikasema nitatafuta uzi, kila mtu atashika mshipi, hatulali, na alfajiri Baba atatoka kama kawaida, na ole wake atakayefungua mdomo gatini.

"Acha," Baba alisema.

Alikuwa ameipapasa ndoo, ameigeuza na kukaa. Alivua ile miwani. Nilidhani ana hasira na Meneja, nikasogea kando ili apate nafasi ya kutosha. Lakini alinyoosha mkono hewani akitafuta kichwa cha kaka yangu, akakipata, akakishika.

"Umenisaidia," alimwambia. "Sasa siendi."

Nikamuuliza haendi wapi. Akasema baharini. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetua mzigo, kwamba miaka mitatu anaogopa maji. Wimbi likigonga ubavu wa boti hajui limetoka wapi. Mara mbili ndoana imemwingia kiganjani na Spana amemfunga kitambaa, wakakubaliana mimi nisiambiwe. Kila alfajiri, alisema, nikimpa ile chai, anaomba mashine ikatae kuwaka.

Niliuliza kwa nini hakuniambia. Nilisikia sauti yangu ikitoka na ukali, ule ukali wa kila siku, na nisingeweza kuupunguza hata kama ningetaka.

"Ningekwambiaje?" alisema. "Jirani alipoacha bahari kwa sababu ya mgongo, akaanza kuuza barafu, ulimcheka hapa mezani mwezi mzima. Mwoga. Mzembe. Bibi wa barafu. Mimi nilikuwa nakula kimya, najiuliza utaniita nani."

Nilitaka kujitetea, kwamba ule ulikuwa utani, kwamba jirani mwenyewe alicheka. Lakini nilipokumbuka vizuri, jirani hakuwahi kucheka. Nilikumbuka pia kwamba tangu mwezi ule hununua barafu mimi mwenyewe kwa mtu mwingine, mbali zaidi, ili nisimtazame usoni.

Saa kumi jioni walishuka ufukweni wote, kama ratiba ilivyosema. Baba alikwenda nao. Sijawahi kumwona baba yangu akiingia majini kwa ajili ya kufurahi. Kwake maji yalikuwa kitu cha kukaa juu yake, ukiwa na sababu. Meneja alimkunjia suruali magotini na kumshika kwapa, wifi akavua ile kofia yake akamvika, na wakaingia naye polepole, wakimwambia hapa kuna jiwe, hapa pana mchanga. Maji yalipomfika kiunoni alipiga kelele kidogo. Kisha akacheka. Wakamlaza juu ya yule bata wa ajabu, tumbo juu, mzee mzima na mvi zake, kofia ya mkwewe imemfunika nusu ya uso, wajukuu wakimsukuma huku na huku.

Niliwafuata hadi ukingoni mwa maji, na viatu vyangu vya kazi miguuni. Nilikuwa na maneno tayari, ninakiri. Yalikuwa yamejipanga yenyewe: mzee na bata, nahodha wa bafu. Sikuyasema. Nilikunja mikono tu nikasimama, kama ninavyosimama siku zote, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kusimama.

Baba aliinua kichwa kutoka kwenye bata, uso ameuelekeza upande wa nchi kavu, si kwangu hasa, pembeni kidogo. Sauti huenda vizuri juu ya maji, na nilisikia kila neno.

"Shangazi yenu bado yuko pale?" aliwauliza mabinti.

Binti mdogo alinitazama. "Yuko, Babu."

"Anacheka?"

"Hacheki. Anatuangalia tu."

Baba aliwaza kidogo, mkono wake ukipapasa maji.

"Basi tusogee mbali kidogo," alisema.