Mwenye Namba

Jumatatu, saa moja kasoro asubuhi, fundi wa programu alikuwa mezani na mumewe wakinywa chai, kompyuta imefunguliwa kando ya kopo la sukari. Mwezi mzima alikuwa akiutilia mlango ukurasa wa hospitali ya wilaya. Ulikuwa ukurasa mmoja tu, miadi na dawa na majibu ya vipimo vyote humo humo, na aliyeijua namba ya kadi ya mwenzake aliweza kumsomea mambo yake. Kuna mtaa uliojua mimba ya binti kabla ya binti mwenyewe. Sasa mgonjwa angeandika jina na neno la siri, apelekewe kwa simu namba ya tarakimu sita inayodumu dakika tano, aiandike, ndipo afunguliwe.

Alijaribu kwa kadi yake mwenyewe. Akabonyeza, akaitazama simu. Simu ilikaa kimya. Mumewe, mwalimu wa jiografia, alikuwa akieleza habari za paa linalovuja.

"Nikamwambia yule fundi, bati la pili kutoka saba, nne, nne, sifuri, tisa, moja, limeoza lote," akasema, akanyoosha mkono kuchukua mkate.

Mkewe akaziandika. Ukurasa ukafunguka.

Alimuuliza kama amehisi chochote. Mumewe akauliza ahisi nini. Fundi akaangalia kadi yake, akakuta imeandikwa namba ya simu ya mumewe, tangu siku alipojifungua mtoto wao wa kwanza. Hakukumbuka kuulizwa. Lakini hata simu ya mumewe haikuwa na ujumbe wowote.

Kazini aliipitia programu mstari kwa mstari, kisha akaanza upya kutoka chini kwenda juu. Hakuona kosa. Kila namba iliyotumwa ilikuwa imeandikiwa mbele yake: imefika.

Ukurasa ulifunguliwa kwa watu wote siku ya Alhamisi. Mwashi mmoja alitaja tarakimu sita akiwa juu ya jukwaa, na mkewe aliyekuwa chini akaingia kuangalia shinikizo lake la damu. Mhubiri alizitaja katikati ya sala, waumini wakaitikia amina. Wiki ya pili, wanawake walikuwa wamezoea kuwafuata waume zao, baba zao na kaka zao makazini, wakisimama karibu nao, simu mkononi, na waajiri wakawawekea viti.

Fundi akaenda kwa mkuu wa masjala, ambaye watumishi walimwita Bwana Mihuri. Alimkuta akipanga kadi kwa rangi. Bwana Mihuri akamweleza bila haraka kwamba tangu zamani kadi zilikuwa na nafasi moja ya simu, ya mkuu wa kaya, na kwamba kadi nyingi za wanawake ziliandikwa hivyo. Fundi akashauri kila mmoja aandike namba yake. Bwana Mihuri akatoa fomu ya kubadili. Chini yake palihitajika saini ya mwenye namba, mbele ya karani.

"Mwenye namba ndiye mume?" fundi akauliza.

"Namba ni yake. Hatuwezi kumpokonya mtu kitu chake bila saini."

"Lakini kadi ni ya mke."

"Kadi ni ya mke, ndiyo. Hilo hakuna anayelibishia."

Fundi alitoka na fomu mkononi, akajaribu kukumbuka ni wapi katika mazungumzo yale alikuwa amekubali.

Mshona nguo alifika wiki ya tatu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na pini zilikuwa bado zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake. Alikuwa amekatwa kipande kidogo cha nyama ya titi kupelekwa maabara. Majibu yalikuwa tayari, lakini hospitali ilikuwa imeacha kutoa karatasi, na hata daktari aliyaona pale tu mgonjwa alipoingia mwenyewe. Namba kwenye kadi ilikuwa ya mumewe, aliyeondoka miaka tisa iliyopita akasema anafuata kazi.

"Nifungulie wewe, mwanangu," akasema. "Si wewe uliyeufunga?"

Fundi akamwambia ndiyo, aliufunga yeye, na aliufunga vizuri, hata yeye haingii. Mara ya kwanza alipolisema hilo, kwenye mkutano, walimpigia makofi. Sasa aliona aibu na hakujua aielekeze wapi.

Wakajaribu pamoja. Namba ikatumwa. Kumbukumbu ya programu ikaandika: imefika. Mshona nguo aliusoma mstari ule mara mbili.

"Kwa hiyo yu hai," akasema.

Tangu hapo aliomba namba kila siku saa nne kamili. Dakika tano zilipita, namba ikafa, akarudi kwenye cherehani. Siku ya kumi na nane, mteja aliyeleta sketi kupunguzwa alimsimulia kuhusu mji wa mpakani ambako mlinzi wa ghala hutaja tarakimu sita kila siku saa nne, na watu wa sokoni hurekebishia saa zao hapo. Mshona nguo akauliza kama mlinzi huyo huvuta mguu wa kushoto. Mteja akasema huvuta.

Ni safari ya siku mbili kwa basi. Fundi aliomba kikao cha wakuu wa hospitali kimruhusu kurefusha muda wa mgonjwa kukaa ndani ya ukurasa. Walimpa siku tatu, wakasema zaidi ya hapo ni hatari. Mshona nguo akaenda, akaufungua ukurasa huko huko, akapanda basi la kurudi, na siku mbili baadaye jioni akampa daktari simu, ukurasa ukiwa bado wazi. Ilikuwa saratani, bado changa. Angetibiwa kila wiki tatu, mara nane, na kila mara daktari angehitaji kuuona ukurasa wake ukiwa wazi.

Fundi alimuuliza kuhusu fomu.

"Nilimpa. Aliisoma yote. Akasema akisaini ataonekana ndiye aliyeniacha."

"Na wewe ukasema nini?"

"Ilikuwa saa nne. Niliandika namba."

Fundi hakuelewa kama mama yule alikuwa amekasirika. Alitaka kuuliza, lakini mshona nguo alikuwa tayari akiomba ratiba ya mabasi.

Safari ya pili, kumbukumbu ilionyesha namba imetumwa, na mshona nguo akaiandika baada ya dakika nne. Mara ya tatu, dakika moja. Mara ya tano, sekunde tisa. Fundi alizikodolea macho zile sekunde, akijaribu kupima umbali wa watu wawili wanaosimama hivyo, na kama wanatazamana. Bwana Mihuri aliomba takwimu za kupeleka kikaoni. Alipoziona aliridhika, akasema wagonjwa sasa wameuzoea mfumo, akagonga muhuri.