Fomu ya Mama Vyungu

Jumanne saa tatu asubuhi, Mama Vyungu alisimama kwenye dirisha la pili la ofisi ya ruzuku kuchukua fomu yake, iliyorudishwa mara ya tatu. Pembeni karani alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Fafanua zaidi.

"Nifafanue nini tena, mwanangu? Udongo ni udongo."

"Hatua kwa hatua, mama. Bila hivyo ruzuku haitoki."

Ruzuku yenyewe ilikuwa ya utafiti na mafunzo ya ufundi. Mama Vyungu aliitaka ajenge banda la kufundishia, maana ndiye pekee aliyebaki anayejua kuinua shingo nyembamba ya mtungi kwa mikono mitupu, na wasichana wanane walikuwa wakimsubiri. Udongo uwahi ungali maji, lakini ofisi ile ingeuacha ukauke mpaka upasuke, kisha iulize kwa nini umepasuka.

Akarudi nyumbani, akaketi mezani, akaandika namna ya kukanda udongo. Alipoweka nukta, kukanda kukamtoka mikononi. Aligundua alasiri, aliposhika bonge akabaki kulitazama tu.

"Mama, acha basi," binti yake alimwambia. "Fomu hiyo inakumaliza."

"Nimeshafika ukurasa wa nne, niachie wapi?"

Akaandika namna ya kuinua kuta, nako kukaenda. Shingo aliiandikia kurasa mbili nzima, kwa kuwa alikuwa amechoka kurudishiwa fomu, na vidole vyake vikawa vidole vya mtu yeyote. Alijipa moyo kwamba banda likipatikana, atasoma fomu yake mwenyewe na kukumbuka.

Karani aliisoma yote, ndiyo kazi yake. Wiki iliyofuata mezani kwake kulikuwa na mitungi mitatu yenye shingo nyembamba, ya kuwekea kalamu. Aliifinyanga wakati wa chakula cha mchana, kwa udongo wa bustani ya ofisi. Wenzake walilalamikia matope tu.

Kamati ikamwita Mama Vyungu aonyeshe ufundi wake. Alilifinyafinya bonge, likatoka kama kiatu kilichokanyagwa. Mwenyekiti akaandika kwamba mwombaji hana sifa, ila maelezo yake ni kamili. Ruzuku ikapewa ofisi yenyewe, kwa kuwa ina mtaalamu.

"Lakini ufundi huo ni wangu," alisema Mama Vyungu.

"Hatukatai, mama," karani akajibu kwa upole. "Umo kwenye faili."

"Mfinyanzi hulia gaeni," binti yake alisema njiani, kwa hasira. "Wewe hata gae wamekunyang'anya."

Banda likajengwa nyuma ya ofisi, na wasichana wote wanane wakahamia huko. Mama Vyungu alikaa nyumbani siku tisa, mikono ikimwasha. Ya kumi akaenda kujiandikisha kuwa mwanafunzi wa banda lile. Palipoulizwa uzoefu wake katika ufinyanzi, akaandika: Sina.

Karani akaisoma fomu, akaigonga muhuri palepale. Ilikuwa ya kwanza kutorudishwa.