Mwisho wa Kopo

Nilikuwa nimeshafungua kalamu niweke sahihi chini ya mahesabu, ndipo nilipoiona namba 131 kwa mara ya nne. Milimita mia moja thelathini na moja za mvua kwa siku moja. Mwaka mmoja, kisha miaka sita baadaye, kisha tena, na tena. Mvua kubwa mbili hazilingani hata kwa kukaribiana, sembuse nne kulingana mpaka milimita ya mwisho.

Ningeweza kunyamaza. Mchoro ulikuwa tayari: mabomba matatu ya zege chini ya barabara ya kwenda zahanati, juu ya mto ambao ulikwisha kubomoa kivuko mara mbili. Mkuu wangu wa kazi, tuliyemwita Bwana Desimali kwa sababu alikuwa radhi akose chakula cha mchana kuliko akose desimali, alitaka faili mezani kwake Ijumaa. Tatizo ni kwamba daftari lile la mvua, miaka ishirini na sita bila siku hata moja kurukwa, liliandikwa na mama yangu.

Mama alikuwa mhudumu wa mtambo wa maji, na kila siku saa tatu asubuhi alipima mvua. Nilikua nikimwona akimimina maji ya kopo la kukingia mvua kwenye gilasi yenye mistari, kisha akiinama mpaka jicho lilingane na maji. Siku aliyojifungua mdogo wangu alimtuma baba, na baba aliporudi na namba mama akamrudisha akasome upya, kwa sababu alikiri kwamba alisoma akiwa amesimama. Bahati nzuri maji alikuwa hajayamwaga.

Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba daftari lake lina kasoro? Njia nzima kwenda kwake nilikuwa na hasira, maana nilijua nitamwambia tu.

Nilimkuta sebuleni akikunja mashuka.

"Mama, hii 131 ni nini?"

"Ni mwisho wa kopo," akasema, bila hata kutazama karatasi. "Likifika hapo linamwagika."

"Na hukuandika kwamba lilimwagika?"

"Niandike wapi? Fomu yao ina kisanduku cha namba tu. Nilichopima ndicho nilichoandika. Au ulitaka nibuni?"

"Mama, nimepiga mahesabu ya kivuko kwa namba hizi. Mvua zenyewe zilikuwa kubwa zaidi, na hakuna anayejua kwa kiasi gani. Nikijenga hivi, maji yatakibeba tena, safari hii na watu juu yake."

Akaliweka shuka chini. Niliuona uso wake ukishuka, nikatamani kuyameza maneno yangu yote.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa napotosha watu," akasema taratibu.

"Hapana, mama." Akainuka, akachukua funguo msumarini. "Hebu njoo."

Akanipeleka kwenye kibanda cha zamani cha pampu, hatua chache kutoka kivukoni, upande maji yanakotoka, ambako siku hizi huweka majembe. Upande wa kushoto wa fremu ya mlango kulikuwa na mikwaruzo niliyoijua vizuri: vimo vyetu, mimi na mdogo wangu, vilivyochorwa kwa msumari. Upande wa kulia kulikuwa na mikwaruzo mingine. Utoto wangu wote niliiona na sikuwahi kuiulizia.

"Mafuriko yakipungua nilikuja kuweka alama tope lilipoishia," akasema. "Hakuna aliyenituma." Akagusa mkwaruzo wa juu kabisa, uliopita kimo changu cha miaka saba. "Hapa maji yalikuzidi. Ulikuwa mgongoni kwangu."

Kando ya kila mkwaruzo kulikuwa na tarehe. Nne kati ya hizo zilikuwa siku zile zile za 131. Nililia pale pale mlangoni, na mama akanipigapiga mgongo akisema nisilowanishe ushahidi.

Siku mbili zilizofuata nilipima upana wa mto, mteremko wake na ukubwa wa mawe yake, maana ukijua maji yalifika wapi unaweza kukadiria ni kiasi gani yalipita kwa sekunde. Yalikuwa karibu mara mbili ya uwezo wa mabomba yangu. Ofisini, Bwana Desimali aliitazama picha niliyoipiga fremu ile.

"Kaweka nani alama hizi?"

"Mama yangu."

"Zina tarehe?"

"Zote."

Akayafuta mabomba matatu kwa mstari mmoja. "Chora daraja. Na hao watu wa mvua wabadilishe hilo kopo." Mimi nikaomba na fomu pia ibadilishwe.

Miaka kumi na moja baadaye mvua ilinyesha kutwa kucha. Asubuhi niliendesha gari moja kwa moja hadi darajani. Nilimkuta mama katikati ya daraja, mwavuli umepinduka, anateremsha kamba yenye jiwe. Chini yetu maji ya udongo yalipita na miti mizima.

"Bado shibiri nne yatufikie," akasema bila kunisalimu.

"Na kopo?"

"Mia moja tisini na mbili. Na nafasi imebaki."

Mwanamke aliyetoka zahanati na kichanga kifuani akatupita. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usisimame darajani, pita," mama akamjibu, yeye mwenyewe akiwa hana dalili ya kuondoka.

Nyumbani alivaa miwani, akaandika 192 kisandukuni. Chini yake fomu mpya ilikuwa na nafasi ya maelezo, ambayo kwa miaka kumi na moja aliiacha tupu kwa sababu, alisema, mvua haina maelezo. Siku ile alishika kalamu, akafikiri kidogo, akaandika: *Wote wamevuka.*