Amri Niliyokuwa Nairuka

Mimi sina subira na wahubiri wa kupakapaka asali. Mtu anafika mlangoni kwa watu, hata kiti hajakizoea, ameshaanza: Mungu anakupenda, Mungu ana mpango na wewe. Mwenye nyumba anaitikia amina huku jicho liko jikoni. Kupendwa nani hapendi? Lakini hujamwambia anaokolewa kutoka wapi. Kwa hiyo mimi, miaka tisa ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kila Jumamosi alasiri, naanza na sheria. Nakuuliza, umewahi kusema uongo? Ukikubali, nakuuliza tena, msema uongo anaitwa nani? Hapo watu wanacheka, wanajikuna, wengine wananuna. Naendelea hivyo amri baada ya amri mpaka chumba kinyamaze. Kanisani wakaniita Mama Kumi, na uongo wa nini, nililipenda jina lile kuliko nilivyoonyesha.

Kazi yangu ni maabara ya hospitali, upande wa damu, na ndiko nilikoupata mfano wangu. Nilikuwa nawaambia watu kwamba maabara haijawahi kumponya mtu hata mmoja. Inamwambia tu anaumwa nini, ili dawa ikija asiitupe dirishani. Sheria ya Mungu ndiyo hiyo, nasema, inakupa majibu yako. Halafu namwachia nafasi mwenzangu. Mwenzangu ni mshonaji wa mtaani kwetu, mjane mpole, anaongea polepole kama anapima kitambaa cha mtu mwingine. Yeye ndiye alikuwa wa msalaba na msamaha. Akifika sehemu hiyo mimi kwa kawaida naangalia saa, nawaza nyumba inayofuata.

Sasa kuna mwaka mmoja hivi, mshonaji akaniuliza njiani mbona siku hizi ile ya uongo nairuka. Naanza na wazazi, nakwenda kwenye tamaa, nachepukia sanamu, ila ya tisa, ile ya kumshuhudia jirani uongo, siigusi. Nikamjibu kwa ukali kwamba watu wameichoka. Mimi usiku ule sikupata usingizi, na sikuwa mgonjwa.

Pale maabara tulikuwa na binti tuliyemwita Taratibu. Nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, nikimwita mdogo wangu, naye akiniita dada. Jina la Taratibu alilipata kwa jinsi alivyochukua damu. Kanuni yetu ni kwamba chupa ya damu inabandikwa lebo pale pale kitandani, mbele ya mgonjwa, kabla hujasogea hatua. Wengi tunaijua, wachache tunaifuata kila siku. Yeye alikuwa anaandika jina, analisoma mara mbili kwa sauti, halafu anamwuliza mgonjwa, "Ni wewe?" Mpaka mgonjwa aitikie ndipo abandike. Nilimtania mbele za watu kwamba siku moja mgonjwa atapona akiwa bado anaulizwa jina.

Siku ya tukio nilipanda wodini mimi. Nikachukua damu ya wanawake wawili waliolala vitanda vya jirani, wote walikuwa wanasubiri kuongezewa damu. Simu ya ofisini ikaita, naitwa haraka. Nikatia chupa zote mbili mfukoni mwa koti, nikateremka, na lebo nikazibandika mezani, kwa kukumbuka. Kwa kukumbuka! Nikamkabidhi Taratibu apime, na ile fomu, mahali pa sahihi ya aliyechukua damu, nikapaacha wazi. Nilisema nitasaini baadaye.

Lebo nilikuwa nimezibadilisha. Mmoja wa wale mama aliwekewa damu ya kundi lisilo lake, na baada ya dakika chache akaanza kutetemeka na kulia kwamba kiuno kinakatika. Muuguzi aliikata damu upesi, Mungu amjalie. Mama yule hakufa, lakini figo zilimsumbua wiki nyingi, na watoto wake walikuwa wanakaa kwenye benchi la nje mchana kutwa.

Tukaitwa mbele ya wakubwa watano, mkuu wa maabara akiwa mmoja wao. Fomu ilikuwa na sahihi moja tu, ya Taratibu aliyepima. Wagonjwa hawakukumbuka ni koti jeupe lipi lilipita, wauguzi walikuwa wanabadilishana zamu. Taratibu akasema, bila hasira, kwamba chupa aliletewa na dada. Mkuu wa maabara akanigeukia. Nikasema, macho makavu, kwamba siku ile mimi sikukanyaga wodini. Nikaongeza, maana uongo ukishaanza kutoka una mdomo wake, kwamba yule binti alikuwa amechoka siku hizo na nilishamwonya. Taratibu akamwaga unga, kazi ikamtoka wiki ile ile. Alipokuwa anakusanya vitu vyake aliniangalia mara moja, akasema kwaheri dada. Nikajifanya natafuta kalamu.

Na Jumamosi iliyofuata nilikuwa mlangoni kwa watu na Biblia kwapani. Mtu anaweza kuniuliza, ulikuwa na roho ya namna gani? Roho ilinisuta, isinisute kwa nini? Lakini nilikuwa nimegundua kwamba ukiwauliza wengine maswali kwa sauti kubwa, lako halisikiki sana.

Basi mwaka ukapita hivyo, ikaja Jumamosi ninayotaka kuisema. Mtaa aliuchagua mshonaji. Mlango wa nne ulifunguliwa na mama mmoja wa makamo, mcheshi, akatukaribisha kwa mikono miwili, watumishi wa Mungu, piteni, piteni. Sebule ndogo, kochi limefunikwa shuka, na dirishani vikapu vya nguo za watu, vimepangwa, kila kimoja na karatasi ya jina imebanwa kwa kibanio. Zile karatasi ndizo zilizonishtua kabla sijajua kwa nini. Akatokea uani binti mwenye povu mikononi. Alikuwa Taratibu.

Alituamkia wote wawili, shikamooni, kama hanijui. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, maji yakimdondoka kwenye vidole. Nilitaka mshonaji ahubiri peke yake siku hiyo, nikamkonyeza, lakini hakuelewa. Akasema kwa upole wake kwamba mwenzake ndiye anayeanza. Nikaanza. Sauti ilikuwa ya kwangu, ila maneno yalikuwa yanatoka kama ya kukariri. Nikauliza habari ya kuheshimu wazazi. Nikauliza habari ya tamaa. Yule mama alikuwa anajibu kwa ukweli mtupu, anacheka, anajishtaki mwenyewe kwa mambo madogo ya jirani na kuku. Nikashukuru Mungu kwamba tunaelekea mwisho.

Ghafla akaacha kucheka. Akamnyooshea kidole binti yake.

"Mtumishi, muulize huyu ile ya uongo. Mimi ameshanishinda."

Akaeleza, na machozi yakimlenga. Mwanawe alikuwa na kazi nzuri hospitalini, akafanya uzembe, mgonjwa nusura afe. Uzembe angeusamehe, kila mtu anakosea. Kilichomuua yeye ni kwamba binti alimsingizia mkubwa wake wa kazi, dada aliyemfundisha, mcha Mungu, na mpaka leo hataki kutubu. Kila siku anaapa kwamba hakufanya. Mama alikuwa anafunga na kuomba kwa ajili ya ule moyo mgumu. Na anamwombea pia yule dada, alisema, aliyetaka kuharibiwa jina bure.

Alikuwa ananiombea mimi.

Nikamtazama Taratibu. Sikuona hata chuki usoni mwake, na heri ningeiona, ningepata pa kushikilia. Alikuwa ananitazama tu, ananingoja nimalize, kama alivyokuwa anawangoja wagonjwa waitikie. Ningeweza kumwuliza. Swali nilikuwa nalo kinywani, nimeliuliza mamia ya watu. Angejibu kwamba hakusema uongo, mama angelia, tungeomba pamoja, tungeondoka. Nilikuwa na sekunde za kufanya hivyo, na nakiri mbele za Mungu kwamba nilizipima.

Nilisema nikiwa nimekaa vile vile.

"Mama, mwanao hajasema uongo. Dada huyo ni mimi. Chupa nilizichukua mimi, lebo nikabandika vibaya mimi, na mbele ya wakubwa nikamshuhudia uongo."

Mshonaji akaweka Biblia yake chini. Mama alinitazama, nikajiandaa kwa matusi, maana niliyastahili. Lakini hakunipa hata tusi moja. Alinigeuzia mgongo. Akaenda kwa mwanawe, akapiga magoti sakafuni, mama mzima na umri wake, akaishika ile mikono yenye povu.

"Mwanangu, mwaka mzima nimekuita mwongo."

Taratibu ndipo alipolia. Aliyavumilia yote yale bila chozi, mbele ya watu watano na mbele yangu, ila hilo lilimshinda. Nilijua siku hiyo kwamba nilichomwibia hakikuwa kazi tu. Nilimnyang'anya mama yake, akabaki anaishi naye nyumba moja.

Nilipoomba msamaha hakunijibu juu ya msamaha. Alifuta macho kwa kiwiko, akasema, "Dada, hapa umesema mbele ya mama. Kule ulisema mbele ya watu watano." Nikamwambia Jumatatu saa mbili, kama atakubali kuja. Akasema ataangalia.

Njiani nilimwomba mshonaji aniambie yale maneno anayowaambia watu. Nilifikiri atanikatalia, au ataniambia nikamalize kwanza. Hakufanya hivyo. Aliniambia yote pale pembeni ya barabara, watu wakipita, neno kwa neno kama anavyomwambia mtu yeyote: nani alikufa, kwa ajili ya nani, alibeba nini. Kwa miaka tisa maneno hayo yamepita sikioni mwangu nikiangalia saa. Nililia mpaka muuza mitumba wa pale akaniletea kigoda. Mzigo wa Jumatatu haukupungua hata kidogo, lakini nilijua nitaubeba.

Mkuu wa maabara alijaribu kuniokoa, masikini. Faili limefungwa, alisema, mgonjwa amepona, binti ameondoka, unafukua ya nini? Nikamwambia aite wale wanne waliobaki. Waliitwa. Taratibu alikuwa amekuja, gauni limepigwa pasi vizuri, ameketi kiti cha mwisho karibu na mlango. Nikasema yote, kuanzia simu mpaka mfuko wa koti, mpaka maneno niliyoongeza kwamba binti amechoka. Hakuna aliyenikatiza. Wakanipa karatasi niandike. La kazi yangu wangeliamua baadaye, na la kazi yake pia. Hakuna aliyeniahidi kitu, na sikuuliza.

Nilipofika mwisho nilisita. Taratibu akanyanyuka, akaja kusimama upande wa pili wa meza. Nikaandika jina langu mbele yake, kabla sijasogea kwenye kiti. Akaigeuza karatasi, akalisoma jina kwa sauti. Akalisoma tena, polepole, kama kawaida yake. Kisha akaniinulia macho.

"Ni wewe?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Ndipo akampa mkuu ile karatasi.