Kamba ya Anena

Mimi si mtu wa kubembelezwa. Nilishaamua kununua mashine ya kupandia, na mvua ya Machi ilikuwa imebakiza wiki moja. Kila mwaka wale wanawake sita wanaonipandia mahindi kule Luweero huvuta kamba na kuchimba kwa jembe siku kumi na mbili. Ekari za mwisho huchelewa, nami huambulia magunzi matupu. Nilikuwa nimechoka.

Nilimchukua Anena, kiongozi wao, hadi Katwe kwenye karakana ya Anselme, Mkongomani aliyeniundia mashine hiyo. Nilitaka aione, akawaeleze wenzake. Alikuja na kamba yake ya kupimia begani, ile yenye mafundo.

Anselme aliisukuma mashine nje, kwenye udongo. Punje zikadondoka mistari miwili, imenyooka kabisa.

"Nyabo, iko muzuri, hapana?" aliniuliza, akiniita bibi kwa Kiganda huku akijifuta jasho. Nilicheka kwa raha.

Anena hakucheka. Alichuchumaa, akatandaza kamba kutoka mstari hadi mstari.

"Mama Travis, maharage yetu itakaa wapi?"

Shambani kwangu, anayepanda mahindi hupanda maharage yake katikati ya mistari. Hatujaandikiana popote, lakini ndivyo ilivyo tangu nianze kulikodi, na ndiyo mboga ya watoto wao msimu mzima. Vipimo vya mashine nilimpa Anselme mimi mwenyewe kwa simu, nikiwa nyumbani Ntinda, nikitaka mistari isogeleane nivune zaidi. Maharage hayakunijia akilini hata kidogo. Niliona aibu ya kweli, na hasira ikaja kuifunika.

"Kwa nini hukusema mapema?" nilifoka.

"Uliniuliza lini?"

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma.

"Anselme, hiyo fremu inaweza kutanuliwa?" nikauliza.

"Inawezekana. Lakini nitakata yote, niunge tena. Wiki mbili."

Wiki mbili, mvua itakuwa imeshatukuta. Niliitazama ile mistari mizuri, nikazifikiria ekari zangu za mwisho.

"Kata," nikasema. "Msimu huu tutapanda kwa kamba."

Anena aliikusanya kamba taratibu, kisha akanishikisha ncha moja.

"Wewe utashika huku. Tukiwa saba tunamaliza haraka."

Miaka yote wakipanda, mimi hukaa kivulini na simu yangu. Niliishika ile ncha.

"Basi kuja na mbegu yako ya maharage," akasema.