Kupima Vakyumu kwa Mdomo

Kaka yangu alikuwa na kikohozi ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukitaja. Ukimuuliza, anasema ni vumbi. Ukimuuliza ni vumbi gani hilo lisiloisha, naye anakuuliza kama umemaliza kazi aliyokupa. Gereji ni yake, mimi ni mdogo wake, na spana ya kwanza maishani nilishikishwa na yeye. Kwa hiyo mazungumzo yalikuwa yanaishia hapo.

Aliyenibana ni shemeji, mkewe. Alikuja gerejini asubuhi moja na chupa ya chai, akahakikisha mumewe kainamia injini ya lori, akanivuta hadi kwenye rundo la matairi. Akaniambia kaka halali tena kama watu. Anaegemea ukuta usiku kucha, mto mgongoni, na akiteleza tu akalala chali anashtuka kama mtu aliyezamishwa majini. Alikuwa amembembeleza aende hospitali, akamnunia, akamtishia kurudi kwao, yote bure.

"Shem, mimi kanizoea," alisema. "Kwake mimi ni redio, inaongea huku yeye anakula. Umebaki wewe. Nisaidie, nisije nikamzika huyu mtu kwa ubishi wake."

Nikamwambia nitajaribu. Nilijaribu siku hiyohiyo, nikajibiwa nikaze nati za gurudumu la nyuma.

Wiki hiyo ndipo lilipokuja gari la Mwalimu. Mwalimu alikuwa amemfundisha kaka kusoma na sasa amestaafu, na gari lake ni la zamani kweli, la enzi za kabureta na distribyuta, boneti refu, viti vya ngozi vilivyopasuka vikashonwa kwa mkono. Alisema linakunywa mafuta kuliko zamani, na kwenye njia tambarare, akikanyaga taratibu, linaburuta miguu kama halitaki kwenda. Kaka akaliwasha, akainamisha kichwa juu ya injini, akapiga resi kidogo, akaachia. Mtaani walimwita Masikio kwa sababu ya mtindo huo. Akasema ni vakyumu, ule mvuto wa hewa wa injini.

Kwa asiyejua, mambo yako hivi. Ndani ya distribyuta ndimo cheche inapopangiwa wakati wake wa kutoka. Mwendo ukiwa mwepesi, injini inataka cheche iwahi zaidi. Anayeiwahisha ni kidude cha bati cha mviringo, kama kopo la dawa ya viatu, kimekaa ubavuni mwa distribyuta. Ndani yake kuna utando wa mpira. Kabureta inanyonya hewa ya kidude hicho kupitia kibomba chembamba, utando unavutika, unavuta kijiti cha chuma, na kijiti kinasogeza sahani inayopanga cheche. Utando ukitoboka hakuna kinachosogea. Cheche inachelewa, gari linakuwa zito na mafuta yanakwenda bure.

Kukipima, wenye gereji kubwa wana pampu ya mkono yenye saa ya kupimia mvuto. Kaka alizicheka pampu hizo, akisema mdomo hauhitaji kuagizwa ng'ambo. Alivyonifundisha, unachomeka kipande cha mpira safi, unavuta hewa kwa mdomo kama unayenyonya soda, halafu unaziba kwa ncha ya ulimi. Kijiti kikizama na kikabaki humo, utando ni mzima. Kikirudi chenyewe, au kisipozama kabisa, kidude ni cha kutupa. Tangu tuanze kazi alikuwa anapima hivyo, na sikuwahi kumwona akikosea.

Akakifungua cha Mwalimu, akakipangusa, akavuta. Mimi nilikuwa nasugua plagi mezani na sikumtazama sana. Akavuta tena, akakitupa kwenye benchi.

"Kimekufa," alisema.

Akampigia Mwalimu simu kumweleza hivyo, kisha akanituma kwa muuza skrepa, mtu mnene mwenye kibanda kilichojaa matumbo ya magari yasiyotengenezwa tena. Nikapata cha injini ya aina ileile. Kaka akakivuta, akageukia ukutani akakohoa, akakivuta tena. Nacho akasema kimekufa. Safari hii alikasirika. Alisema yule bwana amegeuka muuza maiti, na kesho yake nirudi na vyote viwili nikamwaibishe mbele ya wateja wake ili akome.

Nikaenda kumwaibisha. Muuza skrepa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa watu walikuwepo. Kisha akachukua kidude chake, akakifuta kwenye suruali, akavuta. Kijiti kikazama. Akaziba kwa ulimi, na akiwa hivyohivyo, macho kanitolea, akaenda kumtafutia mteja mwingine bawaba ya mlango, akajibu maswali ya bei kwa vidole, akarudi kusimama mbele yangu. Kijiti hakikuwa kimerudi hata kiasi cha unywele. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

"Mwambie Masikio avute kwa mdomo," alisema baada ya kukitoa. "Kwa masikio hakitasogea."

Basi nikachukua kile cha Mwalimu, kile cha kwanza, nikakivuta mwenyewe. Sikutumia nguvu. Kijiti kikaingia kwa pumzi ambayo mtu angeitumia kufyonza kijiko cha uji. Kikakaa. Nikarudia nikitumaini kukuta kibovu, kikakaa tena.

Sikucheka tena. Vidude vyote viwili vilikuwa vizima. Kilichokuwa hakivuti ni kaka.

Njiani nilipata muda wa kufikiri, na kilichonijia kwanza ni uongo. Ningeweza kusema nimebadilishiwa, nimepewa kizuri, nimekwishakipima hukohuko. Ningekifunga mwenyewe, gari lingekwenda, Mwalimu angefurahi, kaka angebaki fundi asiyekosea. Na shemeji angeendelea kupanga mito ukutani mpaka siku ambayo mito haitahitajika. Mtu mbishi unabishana naye kwa maneno, lakini kaka maneno alikuwa ameyafungia mlango. Mkononi mwangu nilikuwa na kitu kisicho maneno.

Nilimkuta amekaa juu ya tairi, anapumua kwa mabega. Nikampa kile cha Mwalimu bila kusema ni kipi. Akachomeka mpira, akavuta. Safari hii nilimtazama. Shingo ilimsimama mishipa, mashavu yakaingia ndani, na kijiti kikatikisika kidogo tu, kisha kikatulia palepale. Akafungua mdomo kusema neno lile lile. Nikakichukua mkononi mwake kabla hajalisema, nikavuta, nikaziba kwa ulimi, nikamsogezea usoni.

Sikuweza kuongea kwa sababu ulimi ulikuwa kazini. Nilisimama pale kama mtoto anayemtolea mtu mzima ulimi, huku machozi yananilenga. Kaka akakitazama kijiti. Alikitazama muda mrefu kuliko kijiti kinavyostahili kutazamwa.

"Kitoe mdomoni," alisema.

Nikakitoa, kijiti kikaruka kurudi nje.

"Hicho ndicho kipya?"

"Ni cha Mwalimu. Kilekile cha kwanza."

"Na kile cha skrepa?"

"Kizima pia. Si utando, kaka. Ni kifua chako."

Kikohozi kilimjia na hakukigeuzia ukuta, alikohoa akiwa ananitazama. Kilipopita akajifuta mdomo kwa kitambaa cha grisi, akasema kama kidude ni kizima basi ubovu uko juu yake, nikaangalie tundu la kabureta kinaponyonyea kibomba, bila shaka limeziba. Niliona ananikwepa. Nikamwambia kabureta haikimbii. Akasema hata hospitali haikimbii, imejengwa kwa zege.

"Anayekimbia ni wewe," nilisema. "Na pumzi ya kukimbilia huna."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo, na mimi ndiye wa mwisho aliyepaswa kuthubutu. Nikangoja nifukuzwe. Badala yake alicheka, kicheko kikamgeukia kikawa kikohozi, na alipomaliza mkono wake ulikuwa umeshika mguu wa suruali yangu ili asianguke kutoka kwenye tairi. Hakuuachia mara moja.

"Shemeji yako anajua kama siwezi hata kuvuta huu mpira?"

Nikamjibu anajua kuwa halali. La mpira tunalijua sisi wawili, na muuza skrepa, kama ana akili.

"Lifunge gari la watu," alisema. "Halafu utanipeleka nalo. Siendi kuingia hospitali kwa teksi kama mgonjwa."

Tundu lilikuwa limeziba kweli, uchafu mgumu kama ukoko wa sufuria. Nililizibua kwa waya mwembamba na petroli. Nikarudisha kidude ubavuni mwa distribyuta, nikaweka kifuniko na waya zake. Kaka alibaki ameketi akiniongoza kwa kidole. Nikawasha, nikaacha injini ipate moto, kisha nikachomoa kibomba cha vakyumu na kukiziba kwa boliti ndogo, kwa maana ukipanga cheche huku vakyumu inavuta, unapanga uongo. Nikamulika alama ya kwenye puli, gurudumu la mkanda mbele ya injini, kwa taa ya taimingi inayowaka kila cheche inapotoka, nikalegeza distribyuta, nikaizungusha kidogo kidogo mpaka alama ikasimama mahali pake. Nikakaza. Nikarudisha kibomba, nikapiga resi ya wastani, na kwenye mwanga wa taa nikaiona alama inahama, inawahi, vizuri kabisa, na ikarudi nilipoachia.

Nilimtazama kaka. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza.

"Iko mbele kidogo," alisema. "Mlimani itagonga."

Taa ilisema iko sawa. Nikaamua kuiamini taa.

Nikamsaidia kuingia. Alikataa mkono wangu kwenye mlango, akaukubali kwenye kiti. Tambarare gari lilikwenda kama limepakwa mafuta, lakini tulipoanza kupanda kilima cha matangi ya maji nikasikia injini inagonga, mlio mwembamba, kama changarawe ndani ya kopo. Kaka alinyoosha kidole pembeni ya barabara, nikaegesha. Nikafungua boneti, nikalegeza, nikairudisha distribyuta nyuma kiasi cha kucha, nikakaza. Nilipokaa tena nyuma ya usukani alikuwa anatazama mbele. Tulipanda kile kilima kimya kabisa, injini haikugonga tena, na pumzi yake peke yake ndiyo niliyokuwa naisikia.

Hospitali iko juu ya kilima, upande wa pili wa matangi. Kwenye njia panda ya kurudi gerejini sikupunguza mwendo, wala yeye hakuniambia nipunguze.

Tulikaa kwenye benchi la bati pamoja na watu wengine. Nikampigia shemeji simu, akasema anakuja, akakata kabla sijamwambia ni jengo gani. Walipotuita ndani, daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo. Alimuuliza kaka amekuwa akikosa pumzi tangu lini. Nikajiandaa kusikia habari za vumbi.

"Tangu mvua za mwaka juzi," kaka alisema.

Mimi na shemeji tulidhani ni miezi. Daktari akamuuliza anafanya kazi gani, na kaka akaeleza yote bila kuulizwa mara ya pili. Vumbi la breki alilokuwa analipuliza kwa upepo wa kompresa, petroli aliyoivuta kwa mpira tangu ujana, rangi aliyoipuliza bila kuziba pua. Akasema hawezi kupanda ngazi za kwake bila kupumzika katikati, na akifika kwenye pumziko hujifanya anatafuta funguo. Akasema mambo ya kunyanyua alishaacha, gia boksi, matairi ya lori, betri, yote anamwachia mdogo wake.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kwa muda wote huo nilikuwa nalalamika moyoni kwamba ananipa kazi nzito kwa sababu mimi ni mdogo na hanihesabu.

Daktari aliandika, akainuka, akamwambia avue shati. Kaka akafungua kifungo cha juu, akaishia kupumzika kwenye cha pili. Nikasogea nikamfungulia.