Damu ya Mfalme Bado Mbichi

Langoni mwa kasri Baba alinionya: nikifanya mzaha hata mmoja, narudi bwenini kabla likizo haijaisha. Nikaingia na unyenyekevu wa mtawa.

Ukumbini, mtembeza wageni alitusimamisha mbele ya doa jekundu ukutani.

"Hapa ndipo mfalme alipochomwa kisu," alisema kwa huzuni. "Damu yake haijawahi kukauka."

Chini ya doa palikuwa na kibao: MBICHI, USIGUSE.

Shangazi alifuta machozi. Mimi nilinusa. Damu ya mfalme ilinukia kama bweni letu lilipopakwa rangi muhula uliopita.

"Baba," nilinong'ona, "usiegemee hapo."

"Kwa nini? Mfalme atanishika bega?"

"Ni rangi."

Baba alinikagua mikono, kisha mifuko. "Nakujua wewe. Nikisogea tu, kuna ndoo ya maji inanisubiri."

Akaegemea ukuta, akakunja mikono kama mtu aliyeshinda kesi.

Nje, Shangazi alimwona mgongo, akapiga kelele kwamba kaka yake amechomwa kisu. Mtembeza wageni akageuka kutazama ndege.

Baba alivua shati lake jeupe polepole, akalinusa.

"Mwanangu," aliuliza, "rangi hii uliipaka saa ngapi?"

Nikajua sanduku langu la shule litafungwa leo.